Siri Zangu Zinalala Mafiga, Zinaamkia Matombo

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama msibani Matombo, mikono mitupu, mtani wangu Laurenti anakimbilia migombani na simu yangu.

Kwa ambaye gazeti lilimpita, nieleze kwa kifupi. Naitwa Athanas. Nachomelea mageti na grili za madirisha hapa Mafiga, mjini Morogoro. Mama wa mwanangu Frank, anaitwa Catherine, aliondoka kwangu miaka mitatu iliyopita akaenda Dumila kuuza chakula kwa madereva. Ndoa ya kanisani hatukuwahi kufunga. Siku anaondoka aliniambia kwamba kuishi na mimi ni kama kuishi na geti. Linafunguka, linafungwa, halisemi kitu.

Nilimfungulia geti, akapita.

Sasa namtaka Hosiana, Mama Neema. Ni mjane, fundi cherehani, kwao Same, na tuko jumuiya moja ya sala hapa Mafiga. Uso kwa uso sijui kuongea na mwanamke. Kwenye WhatsApp nimegundua najua. Nikimaliza kazi nakaa kwenye benchi la karakana, namwandikia. Nimemwandikia mambo ambayo hata padri hajawahi kuyasikia. Nilimwandikia kwamba mpaka leo nikipika ugali natoa sahani mbili, halafu nakumbuka, narudisha moja kabatini.

Akanijibu: "Usiirudishe."

Tatizo ni moja. Ninachomwandikia Hosiana jioni, asubuhi dada yangu Martina anakijua. Na Martina yuko Matombo, juu milimani, ambako mvua ikinyesha hata lori halipandi. Nilimwandikia Hosiana kwamba siku hizi napenda maharage ya nazi. Kesho yake dada akanipigia: "Kumbe unapenda nazi? Kwangu ulikuwa unasema inakuumiza tumbo."

Mtu yuko ndani ya simu yangu. Na wa kwanza niliyemshuku ni Laurenti.

Laurenti anaendesha lori la ndizi. Akishuka mjini anapaki mbele ya karakana yangu, na kwa kuwa hana vocha tangu azaliwe, anapiga kwa simu yangu. Halafu ni mtani. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na sisi Waluguru mtani akikunyang'anya kitu msibani huruhusiwi kununa. Ukinuna unapigwa faini. Ukinuna zaidi, faini inaongezeka na watu wanacheka zaidi.

Sikununa. Nilitoa jogoo, ndipo akatoka migombani na simu.

"Mtani, simu yako imejaa," alisema mbele ya wafiwa wote.

"Imejaa nini?"

"Imejaa mwanamke mmoja."

Watu wakacheka. Hata mfiwa alicheka. Na mimi nikacheka, maana ndiyo taratibu. Moyoni nilikuwa napima kama lile kaburi lingewatosha wawili.

Nilirudi mjini. Alhamisi nikakaa kwenye benchi langu, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nikaposa.

Niliandika hivi: "Mama Neema, mimi si mtu wa maneno. Nataka tuishi pamoja, na safari hii nataka kanisani. Ukikubali nitakwenda kwa wazee wako Same."

Jibu lilichelewa. Nilichomelea bawaba ya geti zima, nikaiweka upande wa kushoto wakati mteja alitaka kulia.

Simu ikalia. "Ndiyo. Nilikuwa nasubiri uniambie hivyo miaka yote hii."

Miaka yote hii? Mimi na Hosiana tumefahamiana mwaka juzi tu. Nikasema basi, mapenzi yana hesabu zake. Nikatoa bawaba, nikaihamishia kulia.

Ijumaa asubuhi, kabla sijasukutua, Martina akapiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kwa hiyo unaoa."

Nilikaa chini.

"Dada, nani kakwambia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu ambaye alipokuwa ananiambia alikuwa analia."

"Laurenti analia?"

"Laurenti kaingiaje hapa? Athanas, umeamka vizuri?"

"Nitajie jina."

"Nimeapa kwa Bikira Maria. Nikisema, mguu wangu huu unaouma ndio utakaokwenda." Akakata.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na sala ya jumuiya, na Hosiana alikuwepo. Akanisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Frank," kavu kabisa, kama anamsalimia mkusanya sadaka. Sikushangaa. Alikuwa ameniandikia mapema kwamba tusijuane mbele za watu, nisikanyage dukani kwake, yeye ni mjane na Mafiga ina macho. Tuongee humu humu. Na nisimpigie pia, spika ya simu yake imekufa, kila nikipiga alikuwa anakata. Kwa hiyo alivyonisalimia kavu, nilimsifu kimoyomoyo kwa kujua kuigiza.

Wakati wa litania nikamkonyeza.

Akageukia ukutani. Nikasema huyu mwanamke ni hodari.

Baada ya sala nikaenda kwa Asia. Asia ana banda la simu jirani na karakana yangu. Grili ya banda lile nimeitengeneza mimi, nondo nene, hajawahi kuibiwa hata chaja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Asia, kuna mtu yuko ndani ya simu yangu. Mtoe."

Akaipokea, akaigeuza. "Namba ya siri?"

"Si namba. Ni jina la mama."

"Jina la mama yako analijua nani?"

"Ukoo mzima. Kila nyumba ya kwetu kuna msichana kalirithi."

Asia akatikisa kichwa. "Fundi, wewe mageti ya watu unaweka kufuli mbili. Lako umefunga kwa kanga."

Akaingia kwenye WhatsApp, akanionyesha mahali panapoonyesha kama akaunti yako imefunguliwa kwenye simu nyingine au kompyuta. Hapakuwa na kitu.

"Hakuna mtu humu," alisema.

"Yupo."

"Fundi, hayupo. Uko peke yako."

"Laurenti alikaa nayo migombani mpaka jogoo akashikwa!"

"Basi alicheza nayo tu. Hakuna alichounganisha." Akafuta jina la mama. "Weka namba mpya. Mimi nageuka. Usimwambie mtu, hata mimi."

Akageukia ukutani. Nikabonyeza namba zangu. Sijui kwa nini niliona haya, kama navua shati hospitali. Halafu akaniwekea na nyingine ya WhatsApp yenyewe, ili hata mtu akiihamishia kwenye simu yake, akwame mlangoni.

Tukiwa hapo hapo simu ikaita. Namba ngeni.

"Hii namba inanisumbua wiki nzima," nilimwambia.

"Ushawahi kupokea?"

"Sijawahi. Namba nisiyoijua siipokei."

"Vizuri sana. Siku hizi wanaanza hivyo hivyo, anajifanya anakujua, anakuita jina, mwisho anakuomba namba iliyoingia kwenye simu yako. Izuie."

Nikaizuia. Kusema kweli, nilisikia raha. Wiki nzima nilikuwa nafanywa mjinga, na hapo angalau kuna mtu nimemfungia geti.

Jumapili jioni Laurenti akafika na ndizi zake. Akashuka kwenye lori, akanyoosha mkono bila hata salamu.

"Mtani, lete simu nimpigie tajiri."

"Simu haitoki tena."

"Nani kafa?"

"Wewe ndiye unayempelekea Martina habari zangu."

Alinitazama, halafu akakaa juu ya geti la mteja na kuanza kucheka. Alicheka mpaka utingo wake akashuka kuja kuangalia kama ni kifafa.

"Mtani, nisikilize. Mimi nikijua siri yako, nampelekea Martina za nini? Natangaza kwenye lori nikipita Kinole, nikipita Tawa, mpaka Matombo! Mimi nina honi!"

Nilifikiri. Ilikuwa kweli. Laurenti hana tabia ya kunong'ona.

"Na msibani uliona nini kwenye simu?"

"Niliona unaandika kwa nukta na mkato kama barua ya kwa mkuu wa wilaya. Nikasema, huyu kapenda. Nikaifunga." Akafuta machozi ya kucheka. "Ila faini ya kunisingizia mtani unaijua. Safari hii ni kuku jike."

Nikampa jike.

Kwa hiyo simu yangu ni salama, na Laurenti si yeye. Nilikaa kwenye benchi, nikaona liwalo na liwe, natega mtego. Nitaandika uongo mmoja mkubwa, nimwandikie Hosiana peke yake. Nisimwambie mtu mwingine, nisiseme hata kwa sauti. Ukifika Matombo nitajua njia uliyopita.

Niliandika: "Mama Neema, nimeamua kuuza lile shamba langu la Matombo, nikujengee chumba cha cherehani."

Msiojua kwetu, shamba lile si langu. Ardhi kwetu ni ya upande wa mama. Mimi nakula ndizi zake, lakini mwenye sauti ni Martina na wazee wa ukoo. Mwanaume wa kwetu kusema anauza shamba la mama yake, ni afadhali aseme anauza mama mwenyewe.

Jibu lilikuja haraka kuliko siku zote.

"Usiuze. Usithubutu. Ule mdalasini wa pale kwenye jiwe mama yako aliupanda kwa mkono wake akiwa anaumwa."

Nilisoma, nikafurahi. Nikasema unaona, mwanamke wa Same anajali mdalasini wa mama yangu kuliko watoto wa dada yangu. Nikalala vizuri.

Asubuhi, simu.

"Shikamoo da—"

"Usiniamkie! Unauza shamba la mama?"

Mtego ulikuwa umenasa. Ila ulikuwa umenasa mguu wangu.

"Dada, ule ulikuwa uongo."

"Uongo upi? Wa kuuza au wa kutouza?"

"Nilikuwa namtega mtu."

"Unatega watu kwa shamba la marehemu! Mjomba Gabrieli hajanywa uji tangu alfajiri. Kesho tunashuka na wazee, mvua inyeshe isinyeshe. Uandae pa kukalia."

Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Laurenti si yeye. Simu yangu imefungwa. Uongo ule niliuweka mahali pamoja tu duniani. Basi aliyeutoa ni yule niliyempa.

Hosiana.

Ndipo nikakumbuka mdalasini. Hosiana hajawahi kufika Matombo. Mimi habari za mdalasini sikuwahi kumwandikia, za jiwe sikuwahi kumwandikia, wala kwamba mama aliupanda akiwa anaumwa. Hayo kamwambia nani kama si Martina? Kumbe wanaongea. Wananisoma pamoja, mmoja Mafiga, mmoja Matombo, wanacheka.

Niliacha moto wa kuchomelea unawaka. Nikavaa shati. Marufuku ya kukanyaga dukani kwake nikaivunja mchana kweupe.

Hosiana alikuwa kwenye cherehani, anashona sketi za shule. Wateja hawakuwepo. Aliponiona akaacha kukanyaga.

"Afadhali," alisema. "Baba Frank, umenikumbuka."

"Mama Neema, mimi nimekuja kuuliza swali moja."

"Na mimi ninalo. Mlango wangu uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Grili ya mlango! Si ulikuja ukapima, ukaandika na chaki, ukaondoka? Nalala na kabati nimelisukumia mlangoni. Nimekupigia wiki nzima hupokei, jumuiyani naona haya kukudai. Jana nikapiga, hata kuita haiiti tena."

Nilikuwa nimekuja na hasira iliyopangwa vizuri, na sasa ikaanza kukosa pa kukaa.

"Umenipigia kwa namba ipi?"

Akanitajia. Niliitoa simu yangu, nikaangalia. Ilikuwa ile ile namba ngeni. Ile niliyoizuia kwa raha.

"Hii si namba yako," nilisema.

"Ni ya nani, ya kwako?"

"Namba yako ninayo mimi. Ile uliyonipa mwaka juzi. Tunaandikiana kila siku."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Hosiana akavua kipimo shingoni, akakiweka mezani taratibu. "Baba Frank, umekula leo?"

"Sijala, lakini si njaa hii. Tazama."

Nikampa simu. Nilibonyeza mwenyewe ile namba mpya ya siri ambayo hata Asia haijui, nikampa mwanamke simu iliyo wazi. Akaona picha yake juu kabisa, amevaa sare ya jumuiya, anatabasamu.

"Hii picha ni yangu," alisema.

"Si nakwambia."

"Niliiweka mimi. Ila kwenye laini ya zamani." Akaanza kusoma.

Sijui kama mmewahi kusimama mbele ya mtu anasoma maneno yenu. Nilitazama sketi za shule. Nilitazama dirisha, nikaona limepinda kidogo upande wa juu, nikajisemea hiyo grili itabidi ikatwe. Hosiana alikuwa anapandisha kwa kidole, pole pole. Alicheka kidogo mahali fulani, nadhani kwenye maharage ya nazi. Halafu akaacha kucheka. Alifika kwenye sahani mbili. Alikaa hapo muda mrefu.

Kisha akashuka mpaka Alhamisi.

"Umeniposa," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakubali?"

"Ulikubali."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikunja sketi moja ya shule, nikaikunjua.

"Kumbe ndiyo maana ulinikonyeza kwenye litania," alisema. "Mimi nilidhani una cheche jichoni. Nilikuwa nimepanga nikuletee dawa."

"Mama Neema, kama hukuwa wewe, alikuwa nani?"

"Simu yangu iliibiwa sokoni kabla ya Pasaka. Nikaenda kurudisha laini, nikaambiwa aje mwenyewe aliyeisajili, aweke kidole. Nikaona usumbufu. Nikanunua laini mpya, nikasajili kwa kitambulisho changu. Ile ya zamani nikaiacha ife."

"Haikufa."

"Naona."

"Kwani ya zamani haikuwa ya kidole chako?"

"Enzi zile sikuwa na kitambulisho. Si unakumbuka ilivyokuwa, usiposajili unafungiwa. Rafiki mmoja akanionea huruma, akaniwekea kidole chake. Wengi tulifanya hivyo." Nikamwona anahesabu kitu kichwani, na uso wake ukabadilika.

"Rafiki gani?"

"Baba Frank, kaa kwanza."

"Nimekaa sana wiki hii. Rafiki gani?"

"Wakati ule ulikuwa hunijui. Mimi nilikuwa namshonea nguo yeye. Alikuwa anakuja hapa, anakaa kwenye kiti hicho hicho, anasema mume wangu ni mtu mzuri ila haongei."

Nilikaa kwenye kiti hicho hicho.

"Mama Frank," alisema Hosiana. "Kidole ni cha Mama Frank."

Nje pikipiki ilipita. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

Catherine. Laini iko kwa jina lake, kwa hiyo ameirudisha yeye, huko huko Dumila, hakuvunja mlango wa mtu. Labda alitaka kuifunga tu. Akaiwasha, na kabla hajaizima ukaingia ujumbe wangu wa kwanza, nimeandika kwa nukta na mkato, namsalimia Mama Neema habari za jioni. Akajibu.

Miezi yote hiyo. Nikipika nilikuwa namwambia Catherine. Nikiumwa mgongo nilikuwa namwambia Catherine. Zile sahani mbili, aliyeniambia nisiirudishe moja kabatini ni mwenye sahani. Akimaliza kusoma anampigia wifi yake Martina, analia. Mdalasini anaujua. Alikuwepo mama alipoupanda, yeye ndiye aliyemshikia maji.

"Haiwezekani," nilisema. Nilisema kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

Simu ikalia mkononi mwa Hosiana. Ujumbe. Akausoma yeye kwanza, halafu akanigeuzia kioo.

"Umenyamaza tangu jana. Nimekosea kumwambia Martina, nakuja nawahi wazee wasikuonee. Nina neno la kukwambia mwenyewe. Tafadhali usirudi kuwa geti."

Neno hilo la geti duniani nimeambiwa na mtu mmoja tu.

Hosiana alirudi kwenye cherehani yake, akakaa, simu yangu bado anayo. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, hasira najua kuisubiri ipite.

"Baba Frank, nikuulize na mimi. Haya maneno ya humu, ulikuwa unamwandikia nani?"

"Wewe."

"Mimi sijasoma hata moja mpaka leo."

"Nilikuwa nakuandikia wewe, Hosiana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Aliinama, akaokota uzi ambao haukuwa umeanguka.

"Unajua, wiki nzima nilikuwa najiambia huyu fundi amenidharau," alisema. "Grili ningeweza kumpa mtu mwingine. Mafundi wako wengi Mafiga. Nilikuwa napiga tu."

"Na kama ungekuwa umesoma," nilisema, "ile ya Alhamisi. Ungejibu nini?"

Alifungua mdomo.

Simu ikaita.

Si ujumbe. Ilikuwa inaita kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandikiana na namba ile. Kwenye kioo alijaa Hosiana, sare ya jumuiya, anatabasamu. Na Hosiana mwenyewe alikuwa mbele yangu, anajitazama anavyonipigia.

"Usipokee," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sijajiandaa."

"Mimi nimeandaliwa na nani?"

Simu iliendelea kuita. Akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa mkono wangu, katikati ya sketi za shule.

"Pokea, Baba Frank," alisema. "Na uweke spika. Nataka nisikie nasema nini."